Ngoma Pasipo Mgonjwa

Mgeni akimwuliza mtoto wa Taita, "Kwenu mna desturi gani?", aghalabu atajibiwa kwa jina la ngoma. Atatajiwa Mwazindika, na huenda akapigiwa mdundo wake juu ya dawati. Jibu hilo si la uongo, walakini ni nusu ya jibu, kama mtu aulizwaye habari za nyumba yao akaeleza mlango tu. Ngoma hiyo haikuwa mchezo wa kupitishia wakati. Ilipigwa kwa ajili ya mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke aliyeshikwa na pepo, ambaye hakutulia mchana wala usiku, naye hutetemeka asikiapo sauti fulani au aonapo kitu fulani. Jamaa zake walikusanyika, ngoma zikalia, naye akacheza mpaka moyo wake ukatulia. Mwazindika ilikuwa na mgonjwa katikati yake. Siku hizi yachezwa mahali pengi, na mgonjwa hayupo.

Swali ninalotaka tulifikiri pamoja, wewe usomaye na mimi niandikaye, ni hili: desturi ikifanywa na watu wasioamini tena jambo lililoizaa, je, bado ni desturi, au ni kinyago cha desturi? Usidhani swali hili ni la wazee peke yao. Litakufikia siku utakapoambiwa na mwalimu wako uvae shuka na njuga ukacheze mbele ya waamuzi. Litakufikia tena siku utakapozika mzee wenu, na ukoo ukagawanyika, hawa wakisema, "Tufanye kama zamani," na wale wakisema, "Hayo yamekwisha."

Yafaa kwanza tuijue nchi tunayoisema. Mji wa Voi uko nyikani, penye reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na mbuga ya Tsavo imeukaribia mno hata ndovu si habari ya vitabuni. Ukisimama mjini waona mlima wa Sagalla karibu kabisa upande wa kusini. Magharibi kuna vilele vya Dawida, ambavyo kirefu chake, Vuria, chapita mita 2,200. Na Kasigau umesimama peke yake mbali katika nyika. Milimani ndiko kwa Wadawida, Wasagalla na Wakasigau. Taveta, mpakani chini ya Kilimanjaro, kuna Wataveta, wenye lugha yao na desturi zao. Hao sitawasema sana hapa, kwa kuwa mambo yao yataka insha yake yenyewe. Watu wengi wa Voi hawakutoka milimani. Wazazi wao au babu zao waliletwa na reli, na mashamba ya mkonge, na kazi za serikali. Kwa hiyo katika darasa moja mtoto wa Kidawida hukaa ubavuni pa Mkamba, na nyuma yao Mluo na Mswahili wa Mombasa. Na mwalimu wa muziki akichagua Mwazindika, wote huicheza.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na kwa miaka mingi sasa ngoma za makabila zimekuwa na nafasi katika mashindano ya shule. Hapo Mwazindika hupewa dakika chache, hutazamwa mavazi yake, sauti zake na mpango wa safu zake, kisha huandikiwa alama. Wako wasemao kuwa huko ni kulifanyia mzaha jambo zito, sawasawa na mtu aingiaye hospitali akavaa koti la daktari ili achekeshe wagonjwa. Na wako wasemao kuwa afadhali mzaha kuliko kusahau, kwani ngoma isiyochezwa shuleni itazikwa pamoja na wazee waijuao. Mimi ni mwalimu, na riziki yangu imo katika upande wa pili. Hata hivyo sioni kuwa wale wa kwanza ni wa kupuuzwa. Mzee akatazaye Mwazindika jukwaani pengine hakatazi kwa chuki. Akataza kwa kuwa alipokuwa mtoto alimwona mama yake akitetemeka.

Shida hii haikutupata sisi tu. Katika Uingereza, jimbo la Staffordshire, kiko kijiji kiitwacho Abbots Bromley. Kila mwaka, Jumatatu moja ya mwezi wa Septemba, watu sita hubeba pembe kubwa wakazunguka mashambani na majumbani mchana kutwa wakicheza. Pamoja nao huenda mwanamume aliyevaa nguo za kike, na mchekeshaji, na mwenye farasi wa bandia, na kijana mwenye uta. Pembe zile ni za mnyama wa nchi za theluji, afananaye na kulungu mkubwa. Wataalamu walipoipima moja wakaona ni ya karne ya 11. Wengine husema ngoma hiyo ilikuwa ya wawindaji, wengine kwamba ilikuwa ya kuomba rutuba, wengine kwamba ilikuwa ya kutetea haki ya kuwinda msituni. Hapana mkulima wa kijiji kile aaminiye leo kuwa pembe zisipobebwa ngano haitaota. Hata hivyo pembe hubebwa. Na zikiisha kubebwa hurudishwa mahali pake, napo ni ndani ya kanisa la kijiji, zikatundikwa ukutani mpaka mwaka ujao.

Jambo hilo la kanisa lanifikirisha sana. Wamishonari wa Kanisa la Uingereza walifika Sagalla mwaka 1883, na wale wa Katoliki walianza Bura mwaka 1892. Walileta shule na dawa, nasi tusomao leo tu watoto wa kazi yao, tukipenda tusipende. Lakini mafundisho yao yalimtaka mwongofu ayape kisogo mapango ya wazee na matambiko yote kwa jumla. Huko kwao pembe za kale, ambazo hakika hazikutoka katika Injili, zilipata msumari wa kutundikiwa ukutani mwa kanisa; kwetu msumari haukupatikana. Sisemi haya ili nilaumu waliokufa. Wengi wa babu zetu waliipokea dini mpya kwa macho mawili, wakaacha ya kale kwa hiari, na kudhani kuwa wote walidanganywa kama watoto ni kuwatukana mara ya pili. Nasema tu kwamba chaguo waliloonyeshwa lilikuwa jembamba kuliko lile waliloonyeshwa watu wa Abbots Bromley.

Tena pembe zile ni nzito. Iliyo nzito kabisa yapata kilo 11, na mwenye kuibeba huibeba tangu asubuhi hata jioni. Kazi hiyo imekaa katika familia zile zile kizazi hata kizazi. Imani imekwenda zake, lakini ngoma bado yamdai mchezaji kitu: yamdai siku yake, mabega yake, na neno alilompa baba yake. Mimi naona hapo pana kipimo kizuri kuliko kile cha kuuliza, "Je, waamini?" Desturi tusiikague kwa mavazi yake, tuulize yamdai nini yeye aifanyaye. Mwazindika iliyofundishwa kwa kanda juma moja kabla ya mashindano haimdai mtoto kitu ila jasho. Lakini mwalimu akiwapeleka wanafunzi mlimani kwa nyanya ambaye ngoma ile iliwahi kupigwa kwa ajili ya dada yake, wakakaa chini, wakangoja mpaka apende kusema, na pengine wakarudi bila kuambiwa neno, hao watacheza vingine. Hawakuamini pepo. Ila wamejua kuwa katikati ya safu zao pana nafasi ya mtu.

Sasa nije kwenye desturi ambayo haijapata kupewa alama na mwamuzi ye yote. Katika dini ya zamani ya Taita tendo lililokuwa kiini cha ibada lilikuwa dogo machoni. Mtu alitia kinywani maji, au maji ya miwa, au pombe, akayapuliza nje, na huku akinena maneno ya kuiondoa hasira moyoni mwake na kumtakia heri yule aliyemkosea, au nyumba yake, au nchi nzima. Tendo hilo huitwa kutasa. Mwanamke Mmarekani, Grace Harris, mtaalamu wa mila za watu, alikaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kitabu chake juu ya dini ya Wataita kilitoka mwaka 1978, na jina alilokipa lahusu jambo hilo hilo la kuitoa hasira. Aliona kuwa huo ndio uti wa mgongo wa dini yote.

Nyuma ya tendo hilo palikuwa na fikira iliyo nzito. Wazee waliamini kuwa hasira iliyofichwa moyoni na mtu mwenye haki juu yako, kama baba, mama, mjomba, au wazee waliokufa, au Mlungu mwenyewe, yaweza kukuletea maradhi, ijapokuwa mwenye hasira hakukusudia. Ataweza kukucheka, kukupa chakula, hata kukuombea, na kumbe moyo wake wakudhuru bila yeye kujua. Basi mtoto alipougua, mpiga ramli aliulizwa, "Ni moyo wa nani?" Na aliyetajwa hakupigwa wala kutozwa faini kwa kuwa na hasira; pengine alikuwa na haki nayo kabisa, kwa kuwa alinyimwa sehemu yake ya nyama au mahari. Aliombwa aje atase. Kama alidai haki yake, ilitazamwa kwanza.

Nakusihi ulipime jambo hili bila haraka, kwa maana ni rahisi kulicheka. Homa ya malaria huletwa na mbu, si na mjomba, na mtoto mwenye homa apelekwe hospitali mbio. Hilo nalikata mara moja, tusilirudie. Lakini tazama lile lililobaki. Sheria ya serikali huuliza mkono umefanya nini, haiulizi moyo. Shule yako nayo ni hivyo hivyo: mwalimu mkuu ana adhabu ya ngumi, hana adhabu ya kinyongo. Wanafunzi wawili wakipigana watapatanishwa ofisini. Wakichukiana kimya kimya miaka minne, wataandikiwa tabia njema katika vyeti vyao. Wazee wa Dawida walikataa hesabu hiyo. Walisema kuwa hasira ya kimya ni jambo la watu wote, kwa kuwa madhara yake hayakai kwa mwenyewe.

Mtu aweza kuniambia, "Moyo hauamriwi. Ukimlazimisha mtu kutasa, atatema maji na kinyongo kitabaki." Ni kweli kuwa jambo hilo huweza kutokea, na wazee hawakuwa wajinga wa unafiki. Lakini fikiri mtu asimamapo mbele ya jamaa zake, akalitaja kosa alilokosewa, wote wakalisikia, kisha akasema kwa kinywa chake kuwa ameliacha. Kesho yake akitaka kulirudia, atarudia mbele ya mashahidi wale wale. Neno likiisha kusemwa wazi humfunga msemaji hata pale ambapo moyo wake bado unasitasita, na moyo mara nyingi huja baadaye, pole pole, kama mtoto aliyeachwa nyuma njiani. Wakristo na Waislamu wasomao hapa watakumbuka mafundisho yao wenyewe juu ya kupatana na ndugu, nao hawataona ugeni mwingi.

Kuna pingamizi nyingine iliyo kali zaidi, nami sitaki kuipita. Mtu aweza kusema, "Kuutafuta moyo wa nani ulioleta ugonjwa, hiyo ndiyo njia iendayo kwenye mashtaka ya uchawi." Sisi wa Pwani ya Kenya hatuwezi kulisema hilo kwa wepesi. Katika Kilifi wazee wengi wameuawa, hata katika miaka yetu hii, kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingine nyuma ya shtaka pana shamba ambalo kijana alilitamani. Lakini hapo ndipo ninapoona hekima ya watu wa Taita wa zamani, kwani waliyatenga mambo mawili. Mchawi walimhesabu kuwa adui, naye alichukiwa na kuogopwa. Mwenye hasira alikuwa jamaa. Ukimwambia mzee, "Wewe ni mchawi," umemtoa katika watu, na lolote litakalompata baadaye litaonekana kuwa haki yake. Ukimwambia, "Moyo wako una hasira nasi, tumekukosea nini?" umemrudisha barazani, tena umejitia wewe mwenyewe katika deni. Swali ni moja kwa sura, nalo laenda njia mbili zisizokutana. Kama ningepewa kuchagua neno moja la zamani la kuwafundisha vijana wa Pwani nzima, ningechagua swali lile la pili, hata kabla ya ngoma zote.

Je, twaweza basi kutasa bila kuamini kuwa hasira huleta homa? Naona twaweza, mradi tuamini kuwa hasira hudhuru, na hilo halihitaji ramli kulithibitisha. Ila hatuwezi kutasa jukwaani. Hata ungeniwekea taa, na viti vya wageni wa heshima, na kipaza sauti, nisingeweza kutasa kama sina hasira na mtu aliye mbele yangu. Ningetema maji tu.

Ziko desturi nyingine zisizojali hata kama waamini au la. Fighi ni moja. Ilikuwa mahali pa kinga mlimani, aghalabu kisitu kilichoachwa, na iliaminiwa kuwa hulinda watu na adui na mabaya mengine. Haikukatwa kuni wala kulimwa. Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya mfululizo wa milima ya kale uendao mpaka ndani ya Tanzania, na misitu yake ina ndege wasiopatikana mahali pengine po pote duniani. Msitu wa asili uliobaki ni vipande tu, kama Ngangao, Chawia na Mbololo, wala hakuna kimoja kifikacho hekta 300. Mtu aliyeacha kukata mti kwa kuogopa fighi, na mtu aachaye leo kwa kuwa amesoma habari za chemchemi na udongo, wote wawili wamelipa deni lile lile, na mti hauwaulizi sababu. Jirani zetu Wamijikenda misitu yao ya Kaya iliandikwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Fighi za Taita nyingi ni ndogo mno hata mgeni azipita asijue. (Kimanga hakikuhitaji orodha yo yote. Maadamu watu wa Taita wana maharagwe na mihogo, na mwiko wa kupondea, chakula hicho kitajitetea chenyewe.)

Limebaki jambo moja, nami nimelichelewesha kwa makusudi. Mzee alipozikwa huko milimani, baada ya muda wa kama mwaka au zaidi, kaburi lilifunuliwa, fuvu likatolewa, likawekwa pangoni pamoja na mafuvu ya waliomtangulia katika ukoo wake. Siku ya shida watu walikwenda pale kutasa. Desturi hiyo ilififia na kukoma katika karne ya 20, dini mpya zilipoenea. Mapango yapo bado, mengine yana mafuvu yake, na watalii huongozwa kwenda kuyaona. Lakini katika siku za ukoloni mafuvu mengi ya Taita yalichukuliwa yakapelekwa Cambridge, Uingereza. Mwaka 1931 vipimo vyake vilichapishwa, na tangu siku hizo wataalamu wa nchi mbalimbali wamezitumia hesabu za vichwa vya watu wa Taita wakilinganisha wanadamu wa dunia nzima. Watu waliowekwa pangoni ili wawe karibu na wajukuu wao wakawa mfano katika majedwali.

Mwanafunzi asiyeamini kuwa wafu hukasirika, je, ana neno la kudai juu ya mafuvu hayo? Nadhani analo, na halitegemei imani yake hata kidogo. Mtu hudai mifupa ya babu yake kwa sababu ni ya babu yake. Mwenye imani ya Kikristo asemaye, "Yaacheni huko, hayo ni mambo ya kipagani," amesahau kuwa yeye mwenyewe hangekubali kaburi la baba yake lichimbwe kwa ajili ya jedwali. Ugumu uko mahali pengine. Fuvu halikuandikwa jina la ukoo wake, na pango moja lilikuwa la ukoo mmoja. Yakirudi, yatawekwa wapi? Katika jumba la makumbusho, nyuma ya kioo? Katika kaburi moja kubwa, pamoja na watu ambao pengine hawakusemezana walipokuwa hai?

Tuseme siku hiyo imefika. Bila shaka shule za Voi zitaalikwa, na mwalimu mmoja atachagua Mwazindika. Hilo si baya, nami ningekwenda kutazama. Lakini ngoma zikiisha kunyamaza, itabidi mtu mmoja asimame mbele ya masanduku yale kwa niaba ya milima yote, atie maji kinywani. Na kabla hajayapuliza atalazimika kuitaja hasira anayoiondoa, kama ni juu ya wale walioyachukua mafuvu, au juu yetu tunaopanda na wageni hadi mapangoni kuyapiga picha yale yaliyosalia.